Miguu ya Karani

Nilipoingia ukarani wa mawakili hapa Mombasa mwaka 1988, swali la kwanza nililoulizwa lilikuwa: masijala wamjua nani? Kupiga taipu kulikuwa na mtu wake. Mimi niliajiriwa kwa ajili ya miguu. Nilibeba hati kutoka ofisini hadi mahakamani, nikalipia ada dirishani, nikangoja mihuri, nikangoja jalada, kisha nikakimbia kumwambia wakili kwamba kesi yake ni ya nane kwenye orodha na hakimu ndiyo kwanza yuko kwenye ya pili. Ofisi ya wakili mmoja au wawili haikuenda bila mtu kama huyo, na Barabara ya Nkrumah ilijaa sisi, kila mmoja na mafaili kwapani.

Ukarani huu ni wa kale. Jengo la mahakama ya zamani, lile lililo karibu na Fort Jesus, lilijengwa 1902, na sheria iliyosemwa humo ilikuwa ya Kiingereza, mbele ya watu ambao wengi wao hawakuisoma wala kuisikia. Kati ya jaji na mwenye kesi palihitajika watu wa kupokezana maneno: mkalimani, mwandishi wa barua na taipureta yake chini ya mti, na karani. Tabia hiyo haikuondoka na Waingereza. Mteja wa ofisi ndogo humwona wakili mara moja moja. Karani humwona kila akija, na huja kila anapopita mjini kununua samaki. Kuna talaka za mji huu nilizozijua kabla ya wakwe.

Kazi iliyokuwa na ufundi hasa ilikuwa kupeleka samansi. Mpelekaji lazima awe na kibali cha mahakama, na baadaye ale kiapo kueleza alimkuta nani, wapi, saa ngapi, na alimtambuaje. Katika Mji wa Kale unabisha mlango, sauti inatoka dirishani juu: “Nani?” Ukijitaja, unajibiwa: “Mwenyewe kenda Malindi.” Na mwenyewe unamsikia akikohoa ndani. Nikajifunza kwenda baada ya sala ya alasiri na kukaa kwa muuza kahawa, kwa kuwa sijamwona mdaiwa wa Mji wa Kale aliyeikimbia kahawa. Akifika namwamkia, namwagizia kikombe, kisha ndipo natoa bahasha. Wapo waliokasirika. Wengi waliimaliza kahawa kwanza.

Februari 2020 kanuni za kesi za madai zilirekebishwa, zikaruhusu samansi ipelekwe kwa barua pepe, na hata kwa programu za kutumiana ujumbe kwenye simu, mradi upate uthibitisho kwamba ujumbe umefika. Korona ilikuwa bado haijatangazwa Kenya. Sisi makarani tuliisoma kanuni ile kwa kicheko. Nani atampa namba yake mtu anayemdai?

Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 13 Machi. Jumapili ya tarehe 15, Jaji Mkuu David Maraga akatangaza kwamba shughuli za mahakama zitapunguzwa kwa wiki mbili. Tarehe 27 ikaanza kafyu, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na siku hiyohiyo pale kivuko cha Likoni polisi waliwapiga na kuwafyatulia moshi wa kutoa machozi watu waliokuwa wakiwahi kufika makwao. Jambo lililosahaulika upesi ni kwamba mawakili hawakuwamo kwenye orodha ya watoa huduma muhimu. Mteja akikamatwa usiku kwa kuvunja kafyu, wakili wake naye angeivunja akimfuata kituoni. Chama cha Wanasheria kilikwenda mahakamani, na tarehe 16 Aprili Jaji Weldon Korir akaamua kwamba kafyu yenyewe ni halali, mabavu ya polisi si halali, na mawakili waingizwe kwenye orodha. Karani hakutajwa. Karani hatajwi popote.

Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili ghorofani: wakili, mchapaji na mimi. Mchapaji alikaa Mtwapa, na Mtwapa iko Kilifi. Ilipotangazwa kwamba kuanzia tarehe 8 Aprili hakuna kuingia wala kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale, alifunga kompyuta ya ofisi ndani ya leso mbili, akapanda nayo matatu, akavuka daraja. Hatukumwona hadi Julai. Wakili alikuwa akimsomea hati kwa simu naye akichapa, na sauti ya jogoo wake niliizoea kuliko ya watoto wake.

Wateja wa kwanza kutusaka walikuwa wafanyakazi wa hoteli za Diani na Nyali. Wageni walikuwa wameondoka, vyumba vimefungwa, nao wamepewa barua za likizo bila malipo. Wakanitumia picha za barua hizo, nyingine zimepigwa juu ya meza ya chakula, chumvi inaonekana. Wakili aliwaeleza mmoja mmoja kwa ujumbe wa sauti: Sheria ya Ajira ya 2007 haina kifungu kinachompa mwajiri haki ya kukulazimisha likizo isiyo na malipo, mnaweza kukubaliana, lakini sahihi yako ndiyo makubaliano, basi usitie kabla hujasoma. Na mtu akiachishwa kwa sababu kazi imekwisha, anastahili notisi isiyopungua mwezi na mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliotumika. Ujumbe ule ulisambazwa kwenye makundi ya wapishi na madobi hadi ukaturudia wenyewe kutoka kwa mtu tusiyemjua. Kwa miaka yote wakili alikuwa akiuza ushauri kwa saa. Sasa ulitembea bure, na ukatuletea wateja kuliko kibao cha mlangoni. Walilipa kwa M-Pesa, mia mbili leo, mia tatu wiki ijayo. Safaricom ilikuwa imeondoa ada kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,000, kwa hiyo vijisenti vile vilifika vizima.

Tarehe 6 Mei Mji wa Kale ukafungwa peke yake. Huko ndiko walikokuwa wateja wetu wa mirathi, na mirathi ya pwani ina warithi Maskati, Dubai, pengine na London. Zamani kila aliyeko ng’ambo alilazimika kutuma hati ya kumpa ndugu mamlaka, ishuhudiwe huko, iletwe na msafiri ndani ya sanduku la nguo. Hati moja ikichelewa, nyumba haigawiwi. Nimeona watoto waliozaliwa kesi ikingoja wakaja kuoa ikingali inangoja.

Sasa kadhi alisikiliza kwa mtandao. Nakumbuka familia moja, nyumba ya ghorofa mbili ya marehemu baba yao. Mama alikuwa ndani Mji wa Kale, mjukuu amemshikia simu. Mwana mmoja alikuwa Maskati, mwingine Dubai. Dubai simu za WhatsApp zilikuwa zimefungwa, lakini programu ya mikutano ilipita. Wale ndugu wawili hawakuwa wakisemezana tangu matanga. Walipoonana kwenye kioo kimoja, kila mtu ndani ya kidirisha chake, bibi alisahau kwamba kadhi yupo. “Mbona umekonda hivyo, mwanangu? Huyo mkeo hakupikii?” Kadhi akainamisha uso. Wakili wetu akazima kipaza sauti chake, nadhani ili asisikike akicheka. Asubuhi hiyo wote wawili walikubali mgawo ambao barua zetu zilikuwa zimeshindwa kuupata kwa miaka. Sidai kwamba ni teknolojia. Ni mama kuwapo, na zamani hakuwapo, kwa sababu alikuwa hawezi ngazi za mahakama.

Kiapo ndicho kilichokataa kuhama. Hati ya kiapo hutiwa sahihi mbele ya kamishna wa viapo, na kamishna huandika mahali na tarehe. Machi ileile sheria za biashara zilirekebishwa zikaitambua sahihi ya kielektroniki, lakini “mbele ya” ilibaki kuwa mbele ya. Tukaweka meza kwenye korido, ndoo ya maji na sabuni juu ya ngazi. Mteja alikuja na kalamu yake, akateremsha barakoa kidogo kamishna amlinganishe na kitambulisho, akaipandisha, akaapa. Mzee mmoja wa Kisauni aliuliza kama kiapo cha nyuma ya kitambaa kinamfikia Mungu. Kamishna akamjibu kwamba kinafika, ila kinasikika vibaya mahakamani.

Walioumia ni wengine. Magereza yalisitisha kutembelewa. Mahabusu wa Shimo la Tewa walitokea kwenye skrini, na mama zao, waliozoea kukaa benchi la nyuma ili mtoto ageuke awaone, hawakuwa na pa kukaa. Mteja wa simu ya kitochi alikuwa hana mahakama. Alikuja kuazima yangu, nasi tukakaa pamoja mita moja na nusu, ikiwa mnaamini. Waandishi wa barua walikunja meza zao, na sikuwaona wote wakirudi.

Wengi husema korona ndiyo iliyotuletea mahakama ya mtandao. Mimi naona iliharakisha tu, tena kwa mafungu: Nairobi ilianza kuwasilisha kesi kwa mfumo wa kielektroniki tarehe 1 Julai 2020, kufikia Machi 2024 ndipo mfumo ukatangazwa kwa mahakama zote nchini. Katikati hapo sisi tulikuwa na barua pepe, karatasi na bahati. Kilichobadilika kwa ghafla ni mteja. Alijifunza kuisoma orodha ya kesi mwenyewe, akajua tarehe yake kabla yangu, akaanza kunipigia mimi kunikumbusha. Nguvu ya karani ilikuwa kujua jambo ambalo mteja hajui. Ilitoka mikononi mwetu ndani ya miezi michache, na haki ni haki, sikuona mteja hata mmoja aliyeililia.

Samansi niliyoituma kwa simu mara ya kwanza ilimwendea mfanyabiashara mmoja niliyemfahamu kwenye kahawa. Alama mbili zikatokea, kisha zikawa buluu. Nikapiga picha ya kioo, nikaiambatisha kwenye kiapo changu. Baada ya dakika chache akanijibu: “Na kahawa je?” Nikamtumia shilingi hamsini kwa M-Pesa. Wakili alikataa kuziingiza kwenye gharama za kesi.