Kuisoma Nyumba ya Mawe ya Lamu

Mji wa kale wa Lamu uliingia katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001. Ukitaka kujua sababu, pita vichochoro vya Mkomani.

Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zikibebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu.

Mpangilio wake ni wa sitara. Mgeni hukaribishwa dakani, penye viti vya mawe mlangoni. Tekani imepinda ili mpita njia asione kiwandani. Kisha huja misana, na mwisho ni ndani, ukutani mna zidaka za plasta iliyonakshiwa.

Leo adui wa nyumba hizi ni saruji. Chokaa huacha ukuta upumue. Saruji hufungia unyevu na chumvi, jiwe likaliwa polepole huku nje kukionekana kupya.

Basi ndugu uliyerithi nyumba ya wazee, kabla fundi hajapanda ngazi, muulize: unapaka nini?