Lisemwalo Lipo: Jasusi wa Havana na Amri ya Nane

Wapendwa Taifa la Mungu, katika tafakari ya juma hili ninapenda tuitazame historia ya riwaya moja ya kijasusi iliyoandikwa na Mkatoliki. Ni riwaya ya kuchekesha, lakini kadiri miaka inavyopita ndivyo kicheko chake kinavyozidi kuwa kichungu. Jina lake ni Our Man in Havana, yaani Mtu Wetu wa Havana, na mwandishi wake ni Mwingereza Graham Greene. Ilichapishwa mwezi Oktoba 1958. Wengi huiweka pamoja na vitabu vya burudani. Mimi nimeona inafaa isomwe sambamba na sehemu ile ya Katekisimu inayofafanua amri ya nane, amri inayotukataza kusema uongo.

Greene alizaliwa mwaka 1904 na kupokelewa katika Kanisa Katoliki mwaka 1926, akiwa kijana wa miaka ishirini na mmoja. Hakuishi maisha ya mtakatifu; ndoa yake ilivunjika, na yeye mwenyewe hakuwahi kujidai kuwa mfano wa kuigwa. Hata hivyo, dhambi, neema na huruma ya Mungu havikuacha kumsumbua katika vitabu vyake. Riwaya yake ya mwaka 1940, The Power and the Glory, inayomhusu padre mlevi wa Mexico wakati wa dhuluma dhidi ya Kanisa, ililaumiwa na Ofisi Takatifu ya Roma katika miaka ya 1950. Mwaka 1965 Baba Mtakatifu Paulo VI alimpokea Greene, akamwambia kwamba amekisoma kitabu hicho, na kwamba asijali sana iwapo baadhi ya Wakatoliki watakwazika.

Jambo lisilofahamika kwa wengi ni kwamba Greene alikuwa pia jasusi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alijiunga na idara ya ujasusi ya Uingereza, MI6, na kati ya mwaka 1942 na 1943 alifanya kazi Freetown, Sierra Leone, hapa hapa Afrika. Aliporudi London alishughulikia taarifa za Ureno chini ya Kim Philby. Philby huyo alikuwa akiwatumikia Warusi kwa siri miaka yote hiyo, na mwaka 1963 alikimbilia Moscow. Kwa hiyo Greene alipoandika juu ya uongo wa majasusi, alikuwa ameuona kwa karibu.

Katika dawati lile la Ureno aligundua jambo la ajabu. Baadhi ya maofisa wa ujasusi wa Ujerumani waliokuwako Lisbon walikuwa wakituma makao makuu taarifa za kubuni, kutoka kwa mawakala wasiokuwako duniani, ili wajipatie posho na marupurupu. Lisbon hiyo hiyo ndiko Mhispania Juan Pujol alikoanzia. Aliwatumia Wajerumani habari za Uingereza, nchi ambayo alikuwa hajaikanyaga, akitegemea kitabu cha kuongozea watalii. Baadaye Waingereza walimchukua awe wakala wao, wakampa jina la siri Garbo, na mtandao wake ukafikia mawakala 27, wote wa kubuni. Mwaka 1944 alisaidia kuwapumbaza Wajerumani juu ya mahali majeshi yangeshukia Ufaransa, na mwaka huo huo pande zote mbili zilimtunukia nishani.

Kutokana na mambo kama hayo Greene alipata kisa chake, akakiweka Havana, mji mkuu wa Cuba, katika siku za mwisho za utawala wa kidikteta wa Fulgencio Batista. Mhusika mkuu ni Wormold, Mwingereza mpole anayeuza mashine za kufyonza vumbi. Mkewe amemkimbia, akamwachia binti mmoja, Milly. Wormold mwenyewe hana imani, lakini alimwahidi mkewe kumlea mtoto katika Ukatoliki, naye anaitimiza ahadi hiyo kwa uaminifu. Milly anasali novena ili apate farasi, kisha anamnunua farasi na kumpelekea baba yake deni. Hapo Greene anatucheka sisi waamini, na anatucheka kwa haki. Ni mara ngapi tunasali, halafu tunajijibu wenyewe sala zetu kwa gharama ya mtu mwingine?

Akiwa amebanwa na madeni, Wormold anafikiwa na afisa kutoka London anayemtaka awe jasusi. Anakubali kwa sababu ya fedha. Kwa kuwa hana habari za kutuma, anazibuni. Anachukua majina katika orodha ya wanachama wa klabu na kudai kwamba ni mawakala wake. Anawaombea mishahara na posho. Mwisho anafungua mashine yake ya kufyonza vumbi, anachora vipande vyake kwa vipimo vikubwa, na kuipeleka michoro London kama picha za mitambo ya kutisha inayojengwa kwa siri milimani. Wakubwa wa London wanaiangalia kwa hofu na heshima. Afisa aliyemwajiri anashtuka kwa jinsi michoro inavyofanana na mashine ya nyumbani, lakini ananyamaza, kwani kusema kungemharibia cheo.

Hadi hapo msomaji anacheka. Lakini wahenga walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Upande wa maadui nao unazinasa taarifa za Wormold na kuziamini. Rubani mwenye jina lile lile alilolibuni anakufa katika ajali ya gari. Mhandisi asiyejua lolote anafyatuliwa risasi kwa sababu jina lake limo katika orodha. Daktari Hasselbacher, mzee wa Kijerumani, rafiki wa kweli wa Wormold, anauawa. Wormold mwenyewe anaponea chupuchupu kutiliwa sumu katika karamu, kisha anaishia kumuua mtu kwa mkono wake. Na London ilipogundua kwamba yote yalikuwa uongo, je, walimwadhibu? La. Ili kuficha aibu yao walimpa nishani na kazi ya kufundisha.

Ndugu zangu wapendwa, hapa kuna fundisho ambalo mahubiri mengi juu ya uongo hayaligusi. Tumezoea kumlaumu msemaji peke yake. Greene anatuonyesha kwamba uongo ni biashara, na biashara ina muuzaji na mnunuzi. Wormold aliweza kuuza kwa sababu London ilikuwa na njaa ya kununua. Walitaka hatari, wakapewa hatari. Mashine mpya za kutisha zilikuwa zimejaa vichwani mwao, kwa hiyo walipoona mchoro wa kifaa cha kusafishia zulia waliona silaha. Na bei ya bidhaa hiyo haikulipwa na muuzaji wala mnunuzi. Ililipwa na mtu wa tatu, ambaye hakuwepo sokoni.

Historia ilikuja kukithibitisha kitabu hiki kwa namna mbili.

Kwanza, Cuba yenyewe. Tarehe 1 Januari 1959, miezi michache tu baada ya kitabu kutoka, Batista alikimbia na Fidel Castro akashika nchi. Mwezi Oktoba 1962 ndege ya Marekani ilipiga picha za mitambo halisi ya makombora ya Kisovyeti katika kisiwa hicho, na dunia ikakaribia vita ya nyuklia. Tarehe 25 Oktoba 1962 Baba Mtakatifu Yohane XXIII alizungumza kwa njia ya Radio Vatikani, akiwasihi watawala wasikie kilio cha watu wanaoomba amani. Siku tatu baadaye Wasovyeti walitangaza kuyaondoa makombora. Mwezi Aprili 1963, akiwa tayari mgonjwa, Papa huyo alitoa waraka Pacem in Terris, Amani Duniani, uliofundisha kwamba amani ya kweli hujengwa juu ya kuaminiana, wala si juu ya kulingana kwa silaha. Picha za mwaka 1962 zilikuwa za kweli, na bado watu wenye hekima walijua kwamba picha ya kweli haimpi mtu ruhusa ya kuuangamiza ulimwengu.

Pili, Irak. Tarehe 5 Februari 2003 Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Colin Powell, alilionyesha Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa michoro ya malori yaliyodaiwa kuwa maabara za silaha za kibiolojia zinazotembea. Ilikuwa michoro, haikuwa picha. Chanzo chake kikuu alikuwa mhandisi mmoja Mwiraki aliyeomba hifadhi Ujerumani na kupewa jina la siri Curveball. Baada ya vita maabara hizo hazikuonekana, na mwaka 2011 mtu huyo alikiri hadharani kwamba alidanganya. Huko Uingereza, ripoti ya uchunguzi ya mwaka 2016 ilieleza kwamba taarifa moja ya kijasusi kuhusu vyombo vya kioo vya kuhifadhia sumu ilifanana kwa namna ya kutia shaka na filamu ya sinema. Wormold angejitambua mara moja.

Kabla ya vita hiyo, tarehe 13 Januari 2003, Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliwaambia mabalozi kwamba vita si jambo lisiloepukika, na kwamba daima ni kushindwa kwa binadamu. Mwezi Machi alimtuma Kardinali Pio Laghi kwa Rais Bush. Hawakusikilizwa. Waliouawa ni maelfu kwa maelfu, na jumuiya za Wakristo wa kale wa Irak, zilizodumu tangu karne za mwanzo, zikatawanyika. Hapo tena aliyelipa ni mtu wa tatu.

Mtu ataniuliza: Padre, na yule Garbo? Uongo wake haukuokoa maisha ya wengi? Swali hili ni zito, na Kanisa halijalikwepa. Karibu mwaka 420, katika Afrika ya Kaskazini, Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo, alipata barua ya Mkatoliki aitwaye Consentius. Huko Hispania kulikuwa na wazushi, wafuasi wa Priscilliano, walioficha imani yao kwa uongo. Consentius alipendekeza Wakatoliki wajifanye wazushi ili wajipenyeze kati yao na kuwafichua. Kwa lugha ya leo, alitaka ujasusi kwa ajili ya dini. Augustino alimjibu kwa kitabu kizima, Contra mendacium, yaani Dhidi ya Uongo, na jibu lake lilikuwa hapana. Tukidanganya ili kuwanasa waongo, alihoji, watatuaminije siku tutakapowahubiria ukweli? Wala hakuwa mtu mwenye moyo wa jiwe. Katika kitabu hicho hicho anamfikiria mgonjwa mahututi anayeuliza habari za mwanae, na mwana huyo amekwisha kufa. Augustino anakiri jinsi moyo unavyoumia, na bado haruhusu uongo. Vita vya mataifa vina maswali ambayo wataalamu wa maadili wanaendelea kuyajadili. Lakini wengi wetu hatutaitwa kuwapumbaza majeshi ya Hitler. Tutaitwa kusema au kutosema habari fulani juu ya jirani.

Hapo ndipo Havana inapofika parokiani kwetu. Leo kila mmoja wetu ana mfukoni kifaa ambacho Wormold angekionea wivu. Ujumbe unaingia: fulani amekula michango ya jumuiya, binti wa fulani ameonekana mahali fulani, dawa fulani ya hospitali inaua watoto. Hatujui ulikotoka, lakini unafanana na kile tulichokuwa tumekwisha kukishuku, basi tunausambaza kwa watu hamsini. Hatukuubuni, ndiyo. Sisi ni London: ni wanunuzi. Na mwenye jina lililotajwa hajui hata kwamba amewekwa katika orodha, mpaka siku anapokosa salamu mlangoni pa kanisa.

Katekisimu, namba 2487, inafundisha kwamba kosa dhidi ya ukweli linadai fidia, hata kama mkosaji amekwisha kusamehewa. Kwa hiyo haitoshi kuungama kwa padre kwamba nimesengenya mara tatu. Lazima kurudi kule tulikoupeleka uongo, kwa wale wale hamsini, na kusema: habari ile haikuwa kweli. Jambo hilo linaumiza, nami ninajua kwamba wengi wangependa kupewa rozari nzima kuliko malipizi hayo. Lakini Daktari Hasselbacher hakufufuka kwa sababu Wormold alihuzunika moyoni.

Hebu basi juma hili, kabla ya kupokea habari yoyote juu ya mtu, tujiulize maswali matatu. Je, ninaiamini kwa sababu ina ushahidi, au kwa sababu ninaitamani? Anayenipa anafaidika nini? Na ikiwa si kweli, nani atalipa?

Bwana wetu Yesu Kristo, ambaye mashahidi wa uongo walisimama mbele yake akanyamaza, atujalie masikio yasiyonunua kila kinachouzwa na midomo isiyoogopa kusahihisha.