Unauogopa Umeme?

Katika maswali yote ya usaili wa kazi za kompyuta, ninalolipenda zaidi liliulizwa Marekani mwaka 1945. Jeshi lilikuwa likitafuta watu wa kuipangia kazi ENIAC, kompyuta iliyokuwa ikijengwa Philadelphia. Jean Jennings, binti wa mkulima wa Missouri mwenye shahada ya hisabati, akaulizwa na Herman Goldstine, afisa wa jeshi hilo, anauonaje umeme. Akaanza kueleza kanuni ya Ohm. Goldstine akamkatiza: hayo hayamhusu, anachotaka kujua ni kama anauogopa. Jean akasema hauogopi. Mwishowe aliingia, akawa mmoja wa wanawake sita waliojifunza kuiamuru mashine ile kwa kuchomeka nyaya na kugeuza swichi.

Cheti angekitoa wapi, na kazi yenyewe haijawahi kufanywa na mtu? Ndiyo maana siwalaumu sana IBM kwa mtihani walioutunga mwaka 1955: mifuatano ya namba, maumbo, hesabu za maneno. Watu walihitajika upesi, wenye uzoefu hawakuwepo, wakaamua kupima kichwa. Kampuni nyingine nazo zikaufuata mkondo huo. Mwaka 1966 wanasaikolojia William Cannon na Dallis Perry walichapisha matokeo ya kuwachunguza waandaaji programu zaidi ya 1,300, wengi wao wanaume: watu hawa, walisema, hupenda mafumbo na hawana hamu sana ya kushughulika na watu. Sasa mtu aliyepita kwa kufumbua mafumbo angeacha vipi kuyapenda? Hata hivyo waajiri wakaanza kuitafuta sura hiyohiyo, na akina Jean wa baadaye wakabaniwa mlango.

Microsoft ya miaka ya 1980 na 1990 iliyavumisha mafumbo. Kwa nini mifuniko ya mashimo ya barabarani ni ya duara? Kwa sababu wa mraba ukiusimamisha na kuupitisha kimshazari unatumbukia shimoni. Wa duara haupiti hata uugeuze vipi. Mimi hufundisha vijana hapa Nairobi wanaojiandaa kwa usaili wa namna hii. Nilipolitega swali hilo darasani, mmoja akanijibu, "Mwalimu, kwetu mfuniko uliuzwa zamani kwa wa vyuma chakavu, hata ungekuwa wa pembetatu." Ningekuwa na kazi ya kugawa, ningempa.

Google walifika mbali zaidi. Mwaka 2004 walisimamisha bango kando ya barabara ya 101 huko California, lisilo na jina la kampuni, likidai namba tasa ya kwanza ya tarakimu 10 ndani ya mlolongo wa tarakimu za namba e ya hisabati. Aliyeipata alikuta fumbo jingine kwenye intaneti, na mbele yake maombi ya kazi. Kufika 2013, Laszlo Bock, aliyesimamia rasilimali watu hapohapo Google, akakiri hadharani kwamba mafumbo ya usaili yalikuwa kupoteza muda tu.

Mafumbo yakapungua, ubao mweupe ukabaki. Unapewa kalamu, unaandika programu kwa mkono bila mashine ya kuijaribia, msaili amekaa nyuma yako. Biashara ya kufundishia mtihani huo ikashamiri, hasa baada ya kitabu cha Gayle Laakmann McDowell cha mwaka 2008. Kwenye kitendawili, ukishindwa unatoa mji na jibu unaambiwa. Wasaili hawa huuchukua mji, jibu wakaondoka nalo. Wanafunzi wangu wengi hupata barua ya mistari miwili isiyosema walikosea wapi.

Microsoft walifungua kituo chao cha uhandisi Nairobi mwaka 2019, na tangu hapo darasa langu limejaa. Nawafundisha kuupindua mti wa data, kushoto uwe kulia, maana mlango ndio huo. Lakini kila mwisho wa kozi nawapa programu ya mtu mwingine, ndefu, chafu, imeharibika, waitengeneze wawiliwawili huku wakielezana. Waliokuwa wakiongoza ubaoni mara nyingi huomba kubadilishiwa mwenzao kabla ya saa sita.