Kizimba cha Mbao katika Kuta za Lisbon

Ukuta wa mawe hubeba bila taabu uzito unaoushukia kutoka juu, bali ukisukumwa ubavuni hupasuka na kuwaangukia wakaao ndani yake. Na ndivyo ilivyokuwa Lisbon asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, zilzala ilipoubomoa mji, na mabaki yake yakaachiwa mawimbi ya bahari na moto uliowaka siku kadhaa. Waziri Sebastião José de Carvalho e Melo, ambaye baadaye alipewa cheo cha Marquês de Pombal, aliikabidhi kazi ya kuujenga upya kwa mhandisi mkuu Manuel da Maia, mzee aliyekaribia miaka 80, pamoja na Eugénio dos Santos na Carlos Mardel. Na nyumba mpya za mtaa wa Baixa zikatiwa ndani yake kizimba cha mbao.

Nguzo na mihimili ilipangwa kuwa mistatili, kila mstatili ukapitishiwa mbao mbili za mshazari zilizokatana kama msalaba ulioinama, kisha nafasi zikajazwa mawe madogo na chokaa. Mstatili mtupu ukisukumwa hulala upande, kwa kuwa pembe zake hazina kizuizi. Lakini mbao za mshazari huugawa kuwa pembetatu, na pembetatu haibadiliki umbo ila ubao uvunjike au kiungo kiachie. Basi nguvu yote ya mtikisiko hukimbilia kwenye viungo, na hapo ndipo naiona hekima kubwa ya maseremala wale, kupita hata ya wachora ramani: walizichonga ncha za mbao zikaumana, wakazipigilia misumari, wakazifunga boriti za sakafu kwenye kuta za kizimba, na kizimba chote wakakishikiza katika kuta za mawe za nje. Maana ukuta unaosukumwa kileleni hutaka kuteleza, na mguu wake mmoja hutaka kunyanyuka huku wa pili ukididimia. Usiposhikwa chini, uimara wake wote ni bure.

Imepokewa kwamba kielelezo cha kizimba hicho kilisimamishwa uwanjani, askari wakaamriwa kukizunguka kwa kishindo ili kijaribiwe.

Linalonihuzunisha ni kwamba katika karne ya 20 baadhi ya kuta hizo za kizimba zilikatwa ili maduka yapate nafasi, zikidhaniwa kuwa za kugawa vyumba tu. Baadhi ya kuta zilizotolewa katika nyumba hizo zilijaribiwa maabara, zikaonekana kuwa, baada ya karne mbili, bado huweza kuyumba sana, kurudi, na kuyumba tena, pasipo kuutupa mzigo wake.