Karani wa Reli na Fumbo la 38

Mwaka 1910, Mmarekani Clifford Adams alianza kuhangaika na fumbo ambalo hata mtoto wa shule hulielewa kwa dakika moja. Chora vyumba 19 vya pembe sita, vibanane kama sega la nyuki: vitatu juu, kisha vinne, vitano, vinne, na vitatu chini. Jaza namba 1 hadi 19, kila moja mara moja tu, ili kila mstari, wa kulala na wa mshazari kwa pande zote mbili, utoe jumla moja.

Jumla yenyewe haina siri. Namba zote pamoja ni 190. Kila upande una mistari mitano. Basi kila mstari lazima uwe 38. Kazi ni kupanga. Adams, karani wa reli, alikuwa na vigae vya pembe sita vyenye namba, akawa anavihamisha kila apatapo nafasi. Ikapita miaka 47.

Mwaka 1957, akiuguza kidonda cha upasuaji, vigae vikakubali! Akaliandika jibu kwenye karatasi. Alipofika nyumbani kutoka hospitali, karatasi haipo. Kila nikifika hapa roho huniuma. Alijaribu kulikumbuka, wapi; mpaka mwaka 1962 karatasi ilipoonekana.

Mstari wa juu: 3, 17, 18. Wa pili: 19, 7, 1, 11. Wa kati: 16, 2, 5, 6, 9. Kisha 12, 4, 8, 14, na wa chini 10, 13, 15. Shuka sasa ukingoni kuanzia ile 3: 3, 19, 16. Ni 38 tena.

Adams alimpelekea jibu lake Martin Gardner, mwandishi wa safu ya hesabu katika jarida la Scientific American. Kisha mwanahisabati Charles Trigg akathibitisha jambo la ajabu: lizungushe, ligeuze kama kwenye kioo, lakini jibu lingine halipo. Hata sega kubwa zaidi, lenye namba kuanzia 1, haliwezekani. Lenye vyumba 37 lina jumla ya 703, na 703 haigawanyiki kwa mistari 7.

Kumbe mwaka 1887, kabla Adams hajagusa kigae hata kimoja, msanifu majengo Ernst von Haselberg wa Stralsund, Ujerumani, alikuwa ameshalitegua fumbo hilo. Mpangilio wake ni uleule.