Magurudumu ya Pikipiki ya Baba

Ndugu wahitimu wenzangu, nanyi vijana mlioko madarasani sasa,

Katika mkutano wetu uliopita kijana mmoja wa kidato cha tatu aliitazama pikipiki yangu chini ya mwembe, akasema: "Shikamoo mzee. Mbona hukuiwekea magurudumu ya kisasa?" Siku ile nilimjibu kwa mkato. Leo namjibu sawasawa, kwani swali lake linagusa historia ya kwetu.

Pikipiki hiyo ni BSA Bantam, yenye picha ya jogoo kwenye tangi. Waingereza walianza kuiunda mwaka 1948, injini yake ikifuata michoro ya DKW ya Ujerumani, wakaacha mwaka 1971. Baba, aliyekuwa karani wa stoo katika mgodi wa dhahabu wa Geita, aliinunua ikiwa kuukuu. Mgodi ulipofungwa mwaka 1966, alifunga sanduku nyuma akarudi nayo Shinyanga, nao ulikuwa wakati wa mvua.

Azijuaye mbuga za Usukuma anaujua udongo wake mweusi. Ukilowa hunata, hujaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu likatae kuzunguka. Baba alilazimisha, spoku mbili za nyuma zikakatika. Kijiji kile hakikuwa na gereji, lakini fundi baiskeli alikuwapo. Alichonga spoku mbili kwa waya mnene, akalinyoosha gurudumu kwa jicho na spana. Baba alifika nyumbani siku ya tatu.

Hapo ndipo penye sifa ya spoku. Mwaka 1874 James Starley wa Uingereza alipata hataza ya gurudumu la baiskeli ambalo spoku zake hukaa mshazari na kupishana. Kila spoku huivuta ringi kuelekea katikati, na zote hugawana mzigo. Ikikatika moja, zilizobaki huweza kukufikisha kwa fundi. Na kwa kuwa pikipiki ilirithi gurudumu hilo kutoka kwa baiskeli, fundi wa baiskeli hakushindwa nalo.

Magurudumu ya kusubu, yanayomiminwa kwa aloi ya alumini, yalienea katika pikipiki za barabarani tangu miaka ya 1970. Tusiyaonee. Hayana spoku za kukaza, na mengi hupokea tairi lisilo na mpira wa ndani, hivyo pancha huzibwa bila kufungua gurudumu. Kwenye lami ni raha tupu. Lakini likipasuka shimoni, fundi wa kijijini hana la kufanya.

Nakiri kwamba nilikaribia kuyachagua. Mwanangu alikwisha kununua jozi, na ya zamani yalikuwa mlangoni yakimngoja mnunuzi wa chuma chakavu. Tulipoyapima mapya, ekseli, breki na sproketi havikulingana. Kuyalazimisha kungetaka kukata na kuchomelea, jambo la hatari. Nikaliinua lile la nyuma kulipangusa, nikaziona spoku mbili zisizofanana na wenzake. Nikakaa kitako.

Tulibakiza habu na ringi za asili, tukaagiza spoku mpya. Hata zile mbili nilizitoa, kwani uhai wa mpandaji hauwekwi rehani kwa ajili ya kumbukumbu. Mwanangu alinuna wiki nzima. Kisha akaenda mwenyewe kwa fundi baiskeli, wakakaza spoku moja moja hadi jioni, gurudumu likazunguka bila kuyumba. Spoku za mwaka 1966 anazitunza yeye.

Basi kijana wangu, bodaboda huuzwa kwa aina zote mbili. Ukinunua yako chagua kwa kadiri ya njia utakazopita na fundi utakayemkuta huko. Lakini chombo cha kale kina njia zake kilizokwisha kupita. Usiziuze kwa kilo kabla hujaziuliza.