Kwa Nini Baiskeli ya Mlimani Lazima Izame Ukiikalia

Leo naomba tuweke kando hifadhidata na mambo ya seva, tuzungumze habari za springi. Najua hii ni blogu ya kompyuta, lakini nivumilieni kidogo. Mkifika mwisho mtaona kwamba sikwenda mbali na kazi yangu.

Muuzaji wa baiskeli ya mlimani yenye shoki ya nyuma atakuambia kwamba gurudumu la nyuma lina uwezo wa kupanda, tuseme, milimita 130. Unalipa pesa yako kwa ajili ya hizo milimita 130. Kisha unaambiwa uirekebishe shoki ili ukiikalia tu, hata kabla hujakanyaga pedali, izame milimita 35 hadi 40. Mtu mwenye akili timamu atauliza: mbona nitupe zaidi ya robo ya kitu nilichokinunua? Wengi hulijibu swali hilo kwa pampu. Wanajaza upepo hadi shoki inakuwa ngumu kama gogo, na wanaondoka wameridhika kwamba haizami tena.

Kuzama huko waendesha baiskeli hukuita sagi, nami nitalitumia neno hilo. Na jibu la swali lenyewe si gumu. Njia haina mawe peke yake, ina mashimo pia. Gurudumu likikuta jiwe linatakiwa kupanda, na likikuta shimo linatakiwa kushuka. Shoki ambayo imenyooka kabisa wakati umeikalia haina pa kushukia tena. Ukifika kwenye shimo, tairi linaning'inia hewani, na tairi lililo hewani halishiki njia wala halifungi breki. Kwa hiyo zile milimita 40 hukuzitupa. Umeziweka akiba kwa ajili ya mashimo.

Jambo hili linaonekana dogo, lakini historia yake inaanzia miaka zaidi ya 350 iliyopita, na waanzilishi wake hawakuwahi kuona baiskeli.

Wa kwanza ni Mwingereza Robert Hooke. Mwaka 1676 alichapisha fumbo la herufi, na mwaka 1678 ndipo akalifumbua: springi huvutika au hubonyea kwa kiasi kilekile cha nguvu inayoielemea. Weka kilo 10 ibonyee sentimita 1, weka kilo 20 itabonyea sentimita 2. (Alilificha katika fumbo ili mtu asimwibie na wakati huohuo awe na ushahidi kwamba ndiye aliyetangulia. Leo sisi watu wa programu tungechapisha hashi.) Mizani ya springi inayoning'inia kwenye bucha inafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Na zile springi mbili chini ya kiti cha Black Mamba je? Akikaa mtoto zinabonyea kidogo, akikaa mzee mwenye kitambi zinalia. Sagi ni mizani tu. Springi inazama mpaka nguvu yake ya kusukuma ilingane na uzito wako, kisha inatulia.

Wa pili ni Robert Boyle, ambaye Hooke aliwahi kuwa msaidizi wake na ndiye aliyemtengenezea pampu ya hewa. Katika kitabu chake cha mwaka 1660 Boyle aliita tabia hiyo ya hewa springi, na mwaka 1662 akatoa kanuni yake: ukiibana hewa iingie katika nusu ya nafasi yake, msukumo wake unakuwa maradufu. Hapo ndipo springi ya hewa inapotofautiana na ya chuma. Ya chuma huongeza nguvu yake kwa hatua zilizo sawa. Ya hewa huanza taratibu, halafu mwishoni inakuwa kali sana. Baiskeli nyingi za mlimani za leo hubebwa na hewa ya Boyle, na nyingine, hasa za kushuka milima kwa kasi, bado zina springi ya chuma ya Hooke.

Baiskeli zilikuwa na springi mapema kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1885 kampuni ya Linley and Biggs ya London ilitoa baiskeli iliyoitwa Whippet, ambayo fremu yake ilimtenga mwendeshaji na mitetemo ya barabara kwa springi. Magurudumu ya wakati ule yalikuwa ya mpira mgumu usio na upepo, kwa hiyo mgongo ulikuwa unaipata. Lakini mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alipata hataza ya tairi la upepo. Tairi likabeba kazi ya springi kwa bei nafuu, na fremu za springi zikasahaulika.

Somo la sagi lilikuja kufundishwa na pikipiki. Mbelgiji Lucien Tilkens alibuni shoki moja ndefu ya nyuma mahali pa zile mbili za kawaida, Yamaha wakaununua ubunifu huo, na mwaka 1973 Håkan Andersson wa Uswidi akachukua ubingwa wa dunia wa motokrosi wa cc 250 juu yake. Huko Marekani, Bob Fox alianzisha kampuni yake mwaka 1974 na kutengeneza shoki za hewa, na mwaka 1976 Kent Howerton akazitumia kushinda ubingwa wa taifa wa cc 500. Kadiri gurudumu lilivyopewa nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, ndivyo suala la mahali pa kuanzia lilivyozidi kuwa zito. Hadi leo pikipiki ya motokrosi yenye takriban milimita 300 huachwa izame kama milimita 100 mwendeshaji akiikalia. Hiyo ni theluthi nzima, na hakuna mshindani anayeilalamikia.

Wakati huohuo, tarehe 21 Oktoba 1976, vijana wa Marin, California, walifanya shindano la kwanza la Repack. Waliteremka mlima kwenye baiskeli kuukuu zisizo na springi yoyote, zenye breki ndani ya habu ya nyuma. Breki zilipata moto hadi grisi ikaungua, na ilibidi kuipakia upya kila baada ya kuteremka. Jina la Repack lilitokana na kazi hiyo. Huko ndiko baiskeli ya mlimani ilikokulia. Zaidi ya miaka kumi baadaye, Paul Turner, aliyekuwa fundi katika motokrosi, alishirikiana na Steve Simons kuanzisha RockShox mwaka 1989. Uma wao wa mbele ulitumia hewa na mafuta. Mwaka 1990, katika mashindano ya kwanza rasmi ya dunia huko Durango, Colorado, Greg Herbold alishinda mbio za kuteremka akiutumia.

Nyuma ndiko kulikokuwa na kazi ngumu. Pikipiki ina injini, baiskeli ina miguu yako. Kila ukikanyaga pedali, mnyororo unalivuta gurudumu na mwili wako unapanda na kushuka, na shoki inapoteza jasho lako kwa kucheza. Waliolishughulikia tatizo hili nao walitoka kwenye pikipiki. Mert Lawwill, bingwa wa Marekani wa mwaka 1969, aliibunia kampuni ya Gary Fisher fremu ya nyuma yenye viungo kadhaa. Horst Leitner, Mwaustria aliyewahi kushindana katika motokrosi, aliweka kiungo kidogo mbele ya ekseli ya nyuma ili mvuto wa mnyororo na wa breki usiisumbue shoki. Mwaka 1998 Specialized wakazinunua hataza zake. Fremu zilipopata viungo vizuri, hapakuwa tena na sababu ya kuikaza shoki hadi iwe gogo. Tabia ya kuikaza, hata hivyo, bado ipo.

Sasa tuje kwenye vipimo, maana historia bila rula haisaidii mtu.

Shoki ya nyuma haisogei sawa na gurudumu. Chukua ile baiskeli ya milimita 130, yenye shoki inayobonyea milimita 50 tu. Ukigawanya unapata 2.6. Maana yake ni kwamba kilo 45 zikikaa kwenye gurudumu la nyuma, shoki inabeba kama kilo 117. Ndiyo maana upepo wake mara nyingi ni psi 150 au zaidi, ilhali tairi linatosheka na psi 30 hivi. Na ndiyo maana hupeleki shoki kwenye kompresa ya kujaza matairi. Inataka pampu yake maalumu ya mkono.

Vaa kila kitu unachovaa ukienda safari: kofia, viatu, begi na maji yako. Fungua shoki kama ina swichi ya kuifunga. Jaza upepo, kisha bonyeza kiti taratibu mara kumi hivi ili hewa igawanyike katika vyumba vyote vya ndani. Panda, egemea ukuta, kaa au simama kama maelekezo ya baiskeli yako yanavyosema, wala usiruke. Sukuma ule mpira mdogo wa duara ulio kwenye nondo ya shoki hadi ugote, kisha shuka polepole. Pima umesogea kiasi gani. Katika milimita 50, asilimia 30 ni milimita 15. Baiskeli za mbio hupenda asilimia 20 hadi 25, za matembezi ya milimani 25 hadi 30, za kuteremka 30 hadi 35. Imezama mno? Ongeza upepo. Imezama kidogo? Punguza. Kwa springi ya chuma, kukaza ile nati kubwa hakuifanyi springi kuwa ngumu zaidi. Kunahamisha tu mahali pa kuanzia. Kama hesabu inakataa, badilisha springi.

Mbona nalisisitiza hili? Hapa Nairobi zinauzwa baiskeli za mtumba kutoka Ulaya, na upepo uliomo kwenye shoki, kama bado umo, ulipimwa kwa mwili wa mtu mwingine. Tuseme alikuwa mwanamume wa kilo 90 aliyeiweka springi ya chuma kwenye asilimia 30. Ikinunuliwa na dada wa kilo 55, hesabu ya Hooke inampa kama asilimia 18 tu. Akienda nayo Karura, gurudumu la nyuma litarukaruka juu ya mizizi, naye ataambiwa kwamba hajui kuendesha, au kwamba baiskeli ni mbovu, au kwamba anunue ya bei zaidi. Hakuna hata moja katika hayo lililo kweli. Anahitaji springi laini zaidi. Ingekuwa shoki ya hewa, angehitaji pampu na dakika kumi.

Niliahidi kwamba sitoki mbali na kazi yangu. Kila mwandishi wa programu anajua ubaya wa kuandika ndani ya msimbo namba ambayo ilipaswa kuulizwa kwa mtumiaji. Programu inakwenda vizuri kwenye mashine ya aliyeiandika, kisha inawaangusha wengine wote, nao wanadhani kosa ni lao. Kiwanda kinaweza kuchagua chuma, viungo na mafuta, lakini uzito wako hakina namna ya kuujua. Tangu Hooke hadi leo, namba hiyo moja imeachiwa anayekaa juu ya kiti.

Kwa hiyo wikendi hii, kabla hujalaumu njia, chukua rula. Haya, tukutane tena hapahapa.